Protini ya Parkinson Katika Neva za Ngozi

SWALI: Baba yangu ana miaka 68 na anaishi nasi hapa Arua. Mkono wake wa kuume hutetemeka anapoulaza pajani, lakini akinyanyua kikombe cha chai mtetemo hupungua. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Dada yetu aliyeko Marekani ametuambia kwamba huko ugonjwa huo hutafutwa ngozini, na tangu siku hiyo shangazi amemtengea baba beseni na taulo. Je, ugonjwa umo kwenye ngozi, na unaambukiza?

JIBU: Ndugu msomaji, beseni na taulo virudishwe leo hii. Parkinson haiambukizwi kwa kugusana, na mzee ambaye huenda ameanza kuhangaika na vifungo vya shati lake asiongezewe uchungu wa kutengwa.

Habari ya dada yenu ni ya kweli, ila imewafikia nusu. Katika seli za neva za kila mtu imo protini iitwayo alfa-sinukleini, ambayo kwa mgonjwa wa Parkinson hujikunja vibaya na kushikamana mabonge mabonge. Daktari Mjerumani Friedrich Lewy aliyaeleza mabonge hayo ya ubongoni mwaka 1912, lakini ni mwaka 1997 tu ilipobainika kwamba protini hii ndiyo iliyoyajaza. Nayo haikai ubongoni peke yake, bali huonekana pia katika neva za utumbo na katika nyuzi nyembamba mno za neva ngozini, zinazoendesha tezi za jasho, mishipa midogo ya damu na misuli inayosimamisha vinyweleo.

Kwa kipimo hicho cha ngozi alichotaja dada yenu, mgonjwa hutiwa ganzi, kisha hutolewa vipande vya ngozi vyenye upana wa milimita 3 kutoka nyuma ya shingo, pajani na mguuni, vikachunguzwa kwa hadubini. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024, protini hiyo ilionekana kwa wagonjwa 89 kati ya 96 wa Parkinson. Hata hivyo, ilionekana vilevile kwa wenye magonjwa mengine ya jamii yake, na hata kwa wachache wasio na dalili, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kuutaja ugonjwa.

Kwa baba yenu sioni haja ya kukifuata ng'ambo, kwani daktari huitambua Parkinson kwa kuangalia mwendo uliopungua kasi, viungo vilivyokakamaa, mtetemo wa mkono uliopumzika, na jinsi mwili unavyoitikia levodopa, dawa ya kutuliza dalili za Parkinson. Mpelekeni kwa daktari wa neva mkiwa na paketi za dawa zote anazotumia, kwa sababu metoklopramidi ya kichefuchefu na haloperidoli ya magonjwa ya akili huweza kuleta dalili hizi hizi. Ila asiache dawa yoyote kabla daktari hajasema.