Shangazi, karatasi inanitetemeka mkononi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao natakiwa kuwasilisha ripoti ya kitengo chetu mbele ya wafanyakazi wote. Mara ya mwisho mdomo ulinikauka, sauti ikakatika, karatasi ikatetemeka hadi nikaona aibu kuinua macho. Hotuba nilikuwa nimeikariri yote, lakini sentensi moja iliponipotea, zilizobaki nazo zikapotea. Nimwombe mwenzangu anisomee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe. Ripoti umeiandika wewe, na maswali yakija ni wewe mwenye majibu.

Nianze na huko kutetemeka, maana naona ndiko kunakokuumiza. Mwili ukihisi hatari humwaga kemikali iitwayo adrenalini: moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, vidole vinacheza. Yote hayo unayasikia kwa nguvu kwa kuwa yamo ndani yako, basi unadhani ukumbi mzima unayaona. Sehemu kubwa hawaioni. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mzungumzaji hudhani hofu yake inaonekana kuliko inavyoonekana kweli. Tena, na hili hunifurahisha kila nikilikumbuka, waliodokezewa jambo hilo kabla ya kuzungumza walizungumza vizuri zaidi, hata kwa macho ya waliowatazama.

Karatasi, lakini, inakusaliti kweli. Ikiwa nyepesi, mtikisiko mdogo wa kidole unafika pembeni ukiwa mkubwa. Ilaze mezani, au andika vidokezo kwenye kadi ngumu.

Kukariri hotuba nzima achana nako kabisa. Kariri sentensi mbili za kufungulia tu, kwani hofu huwa kali zaidi pale mwanzoni. Ukishazipita, fuata vidokezo na uzungumze kama unavyomweleza mtu kazi yako. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo kitandani hakuufundishi ulimi kitu. Kabla hujaanza, vuta pumzi, kisha itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Mapigo ya moyo hutulia. Maji yawe karibu. Wazo likikutoroka, kunywa funda moja huku ukitazama kadi.

Huyo mwenzako ana kazi nyingine. Wiki hii akusikilize, akuulize swali gumu kuliko yote anayoyajua kuhusu ripoti hiyo. Siku yenyewe akae katikati ya ukumbi, na sentensi zako mbili za kwanza mwambie yeye.