Caterham yangu inanigonga mgongo: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Nilinunua Caterham Seven, lile gari dogo la kujiundia, iliyoungwa nusu na mtu aliyekusudia kushindania, nikaimalizia mwenyewe nyumbani. Kwenye lami safi ni raha tupu, lakini ikifika penye viraka inanigonga mpaka mgongo unauma, na mama watoto ameshaapa hapandi tena. Springi za mbele zimeandikwa 300. Ninunue shokapu mpya?

JIBU: Marahaba. Pesa ya shokapu ibaki mfukoni kwanza. Magari mengi ya kujiundia yanayoletwa kwangu kwa ugumu wa namna hiyo, shokapu zake hazina kosa. Aliyeyaunga alisahau tu yana uzito gani. Seven imekuwa nyepesi tangu Lotus walipoitoa mwaka 1957, na Caterham walipoichukua mwaka 1973 hawakuinenepesha. Yako haitapita sana kilo 550. Vipimo ulivyozoea kwenye magari mengine, hapa vinazidi.

Anza na upepo. Nadhani umejaza psi 30, maana ndivyo mkono ulivyozoea. Chini ya gari jepesi hivyo tairi la 30 halibonyei, linadunda. Shusha hadi 18 au 20, asubuhi tairi likiwa baridi, ukilinganisha na kitabu cha gari lako. Ukiwa bado umechuchumaa hapo, soma tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari la kutembelea Jumapili halimalizi meno ya tairi. Mpira ndio unaokauka, ukawa kama soli ya kiatu cha babu.

Sasa bushi, yaani vile vipande vya mpira kwenye viungo vya mikono ya magurudumu, na hapa ndipo tunaojiundia nyumbani tunapojichongea. Bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye chuma haizunguki, inajipinda. Ukikaza bolti zake gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, umeifunga katika mkao huo wa kuning'inia. Siku unaliteremsha gari chini, mpira tayari umeshajipinda kabla hujawasha injini. Kila kishimo kinapambana na springi na mpira kwa pamoja, halafu mpira wenyewe unachanika mapema. Nimewahi kulegeza bolti moja ya wishboni ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), gari likashuka mbele ya macho yangu karibu upana wa kidole. Mwenyewe alikuwa ameshaagiza springi laini.

Dawa yake ni kulegeza bolti zote za bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wako ukiwa ndani. Mimi hutumia mchele: mifuko minne ya kilo 20 kutoka duka la Wahindi, nikaipanga kwenye kiti cha dereva. Likandamize gari mbele na nyuma mara kadhaa litulie, ndipo ukaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu. Tumia rampu ya kupandisha magurudumu yote manne. Chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake usiingie, hata kwa dakika moja.

Ukishamaliza, chukua ule mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya, uufunge kwenye fimbo ya shokapu, uusukume mpaka ugote kwenye mwili wake. Nenda ukazunguke njia yako ya kila siku. Ukirudi, tazama mkanda umesukumwa umbali gani. Ukiukuta umebanwa na mpira wa kugotea, basi kinachokugonga si springi, ni gari kuishiwa nafasi ya kushuka. Mara nyingi hapo mtu alilishusha ili lipendeze.

Na hapa nipinge jambo ninalolisikia kila wiki: eti ukiteremsha kola ya springi, ile pete ya kuzungusha inayoishikilia springi, unailainisha. Hapana. Unashusha gari tu, na unakaribia kugota. Springi ya 300 ni ya 300 hata ukizungusha kola mpaka kesho.

Hiyo 300 ni pauni kwa inchi, sawa na nyutoni 52 na nusu kwa milimita. Lakini gurudumu haliioni yote. Toa springi, inua gurudumu milimita 50, pima shokapu imefupika kiasi gani. Tuseme 35. Uwiano ni 0.7, unajizidisha wenyewe unapata 0.49, kwa hiyo gurudumu linahisi takriban nyutoni 26 kwa milimita. Kona moja ya mbele ikibeba kilo 120, gari linapanda na kushuka mara 2.3 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mashindano. Gari la starehe liko kati ya mara 1 na 1.5. Ukiweka springi za 200 unafika 1.9, za 150, karibu 1.65. Kwako mimi ningeweka 200, ingawa mgongo wako utakutamanisha 150. Sababu ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye Seven iko chini sana, na springi laini hulala zaidi: kwa mfano huu, ukitoka 300 kwenda 200 mbele inashuka milimita 23 hivi. Hizo inabidi uzirudishe kwa kola, na za nyuma zipigiwe hesabu yake pia.

Shokapu zako kama zina rejeta, yaani kitufe cha kurekebisha ugumu wake, ziguse mwisho kabisa. Dalili ya kutazama ni hii: tuta la kwanza linapita vizuri, la pili linauma, la tatu linagonga. Shokapu inachelewa kufunguka, gari linazidi kulala kila tuta. Hesabu mibofyo kutoka upande mgumu, iandike, kisha legeza miwili miwili.

Ukibadilisha springi wajulishe watu wa bima, huko uliko wanahesabu hayo ni mabadiliko ya gari. Na mama watoto mpeleke baada ya upepo na bushi, kwa ile njia yenye viraka, kabla hujaagiza chochote.