Muulizieni Antoine kwanza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki limenigusa pabaya. Mmeuliza: baada ya jumba la Nottoway kule Louisiana kuungua Mei 2025 na watu kushangilia mitandaoni, je, majumba ya mashamba ya watumwa yaliyobaki Kusini mwa Marekani yahifadhiwe kama makumbusho au yaachwe yafe? Mimi nauliza kwanza: mgeni akishalipa kiingilio anaonyeshwa nini? Nottoway ilikuwa hoteli na ukumbi wa harusi. Aliyelala pale hakutembelea makumbusho, alikodi chumba.

Chukueni Oak Alley, jumba jingine la shamba la watumwa Louisiana, pale Vacherie, kando ya Mto Mississippi. Picha yake mmeshaiona hata kama jina hamlijui: mialoni 28, safu mbili za 14, na nyumba ya nguzo mwishoni. Wageni wanapiga picha, basi. Kumbe mti wenye habari kubwa zaidi pale ni mpekani, mti unaozaa kokwa za kuliwa ziitwazo pecan.

Mpekani una tabia ya mwembe wa mbegu: panda kokwa ya mti mzuri, utakachovuna ni bahati nasibu. Dawa ni kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo, kijitawi cha mti mzuri, kwenye mche mwingine, nao ni mti mkaidi. Wanaobebesha miparachichi Njombe wangeuchukia. Kikonyo hukatwa wakati wa baridi, mti ukiwa umelala, kisha kinatunzwa penye ubaridi na unyevu, kisichipue wala kisioze, hadi mche wa kukibeba uanze kupandisha maji. Ukiwahi mno, jeraha halifungi, maana mpekani unataka joto la nyuzi 27 hivi au zaidi ndipo uote nyama mpya. Mche ukiwa na maji mengi kupita kiasi, yanavuja kwenye mkato na kukizamisha kikonyo. Kisu kikiyumba, lile tabaka la kijani chini ya gome halikutani na la mwenzake, na hapo hata ufunge vipi ni kazi bure. Hewa ikiingia kwenye kiungo, kikonyo kinakauka huku kwa macho kikionekana kizima. Na sisi leo tuna utepe wa nailoni. Mwaka 1846 utepe huo haukuwapo.

Daktari mmoja, A. E. Colomb, alikuwa na vikonyo vya mti bora. Akajaribu, vikamkataa. Akampelekea mwenye Oak Alley, Jacques Télesphore Roman, naye akamkabidhi mtunza bustani wake, mtumwa aliyeitwa Antoine. Msimu ule wa baridi, 1846 kuingia 1847, Antoine akashikisha miti 16. Roman alipofariki 1848, Antoine aliorodheshwa kwenye mali ya marehemu: umri miaka 38, fundi wa kubebesha mipekani, thamani dola 1,000. Kokwa za aina ile zilipata tuzo Philadelphia mwaka 1876, kwenye maonyesho ya miaka 100 ya Marekani, zikapewa jina Centennial. Jina la maonyesho, si la fundi. Sehemu kubwa ya miti yenyewe baadaye ilikatwa kupisha miwa.

Nilishika kalamu niseme yafe yote. Sasa nasita. Orodha ile ya mali haihitaji nguzo nyeupe ili isomeke, najua, lakini nani atafunga safari kwenda kusoma karatasi? Watu wanafuata jumba. Basi yabaki, ila kwa masharti, na sharti la kwanza ni mpangilio wa ziara. Kwenye makumbusho ya Whitney, shamba la zamani la watumwa pale Wallace, Louisiana, yaliyofunguliwa Desemba 2014, mgeni anapitia kanisa, kuta za majina ya waliotumikishwa, mabanda walimolala na masufuria makubwa ya kuchemshia sukari kabla ya kulifikia jumba. Oak Alley itabidi mjipangie wenyewe: nendeni asubuhi kabla jua halijakaza, muanzie kwenye mabanda na kuyasoma majina yaliyoandikwa ukutani. Mjue tu kwamba mabanda hayo yamejengwa upya, si yale ya zamani. Kisha muulizieni Antoine. Anayewatembeza akiijua habari yake, mfuateni hadi ndani. Akiwavuta kwenye vyombo vya mezani, jumba mnaweza kuliruka, hampungukiwi kitu.

Kuhusu harusi sijalegea. Jumba linalokodishwa kwa maharusi Jumamosi lisiombe mchango wa ukarabati Jumatatu kwa jina la makumbusho.

Msomaji wenu