Rush au IST? Mama wa viungo wa Makorora anauliza

SWALI: Habari za kazi kaka, natumai u mzima. Mi nafanya kazi ofisini hapa Tanga mjini na nakaa Makorora, alafu kila Jumamosi napanda mlimani Amani kufata iliki na mdalasini ya kuuza, miaka yote napanda gari za abiria mpaka Muheza ndo naunga nyingine, nimechoka. Tumejikusanya na mume wangu sasa tunataka gari yetu ya kwanza. Yeye anataka Toyota Rush, anasema huku kwetu bila gari ya juu unajitesa. Mi nataka Toyota IST maana mafuta yanatisha na spea zake zimejaa kila duka. Tuna watoto wawili na mama mkwe tunakaa nae, magoti yanamsumbua na kila mwezi nampeleka kliniki Bombo. Shemeji nae kaingilia anasema Rush ushuru wake utatumaliza. Hela tulonayo inatosha IST nzuri au Rush ya wastani. Tushike ipi?
(Mama wa viungo, Makorora, Tanga)

JIBU: Dada yangu mi mzima, na hongereni sana kwa kujikusanya, najua jasho lake. Barua yako ina mambo mengi ila lililonikaa kichwani ni hiyo Jumamosi. Ungeniambia unakaa Makorora, kazi mjini, watoto shule, basi nisingefikiri mara mbili, ningekwambia kachukue IST leo hii. Mji wetu tambarare, Ngamiani yote kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya 21 imenyooka, ukitoka Pongwe kwenda Muheza lami, Korogwe lami, hata ukiamua kwenda kusalimia Lushoto kutoka Mombo ni lami yenye kona nyingi tu na IST ya 1.5 inapanda vizuri kabisa. Gari ya juu hapo inakusaidia nini? Lakini wewe una Amani, tena sio ya matembezi, ni ya riziki, kwa hiyo naomba univumilie nieleze.

Kwanza la shemeji tulimalize. Ushuru wa bidhaa kwenye gari hauangalii gari iko juu au chini, unaangalia ukubwa wa injini, na Rush ni cc 1,500 kama IST ya 1.5, zote zinaangukia kundi moja la kati ya 1,000 na 2,000 ambalo ni asilimia 5. Ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18 ni zilezile kwa zote. Kinachotofautiana ni thamani ambayo TRA wanaanzia kupiga hesabu, na hapo kweli Rush iko juu. Alafu kuna ushuru wa uchakavu kwa gari iliyovuka miaka 8, ikivuka 10 unapanda tena, na IST za umbo lile la kwanza ni za 2002 mpaka 2007 kwa hiyo hakuna iliyosalimika. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni uweke modeli na mwaka, utaona mwenyewe. Na kama mnanunua ya mkononi hapahapa, namba D au E, basi hayo yote mwenzenu alishayalipa, mjadala wa shemeji umeisha.

Mafuta sasa. IST niliyoendesha miaka minne, mjini na njia ya Muheza, ilikuwa inanipa kilomita 14 mpaka 15 kwa lita. Rush niliyonayo sasa nikiendesha kwa adabu ni 11. Ukipiga safari zako za Jumamosi na mizunguko ya mjini unafika kama kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti yake ni lita 22 hivi, kila mwezi, mwaka mzima. Zidisha kwa bei kikomo ya Tanga inayotangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi (sisi tuna bei yetu kwa sababu mafuta yanashukia na bandarini kwetu) uone kama hela hiyo sio ada ya mtoto. Rush inakunywa kwa sababu ni nzito zaidi, imesimama kama kabati mbele ya upepo, na kama ni 4WD, yaani inayovuta tairi zote nne, ile propela na difu zinazunguka muda wote hata uko kwenye lami ya Chumbageni.

Haya, twende Amani. Mwezi wa 11 mwaka mmoja, mvua za vuli, nilipanda na IST yangu, tulikuwa watu watatu na kushuka tukaweka magunia mawili nyuma. Kupanda tulipanda bila shida. Kushuka mvua ikatukuta msituni, na wewe unaijua ile njia kuliko mimi, ule udongo ukilowa ni sabuni, alafu magari ya mizigo yameshachimba mifereji miwili na katikati limebaki tuta. Tairi zikaingia kwenye mifereji, tumbo likakaa juu ya tuta, nikasikia jiwe linakwangua chini ya miguu yangu kabisa. Gari ikatoka, tukashangilia. Kufika kijiji cha Kisiwani nikashuka kuangalia tairi, nikaona mstari mweusi barabarani unatufata nyuma, mwembamba kama kamba ya kiatu. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka, oili yote inamwagika na taa ya dashbodi ilikuwa haijawaka bado. Nikazima injini palepale, tukavutwa mpaka Muheza. Ningesema niisogeze kilomita tano tu nifike kwa fundi ningekuwa natafuta injini nyingine.

Tofauti yenyewe ni ndogo ukiisikia, Rush tumbo lake liko kama sentimita 20 kutoka chini, IST 15 na kidogo, urefu wa kidole. Lakini kwenye lile tuta kidole ndo kila kitu, hasa ukiwa na magunia na watu wamekaa nyuma maana springi zinashuka. Hapo mume wako ana haki kabisa na usimbishie.

Ila msikilize na hili. Sio kila Rush ni 4WD. Ziko za kuvuta mbele na nyuma ambazo namba yake ya modeli ni J200E, na ziko za kuvuta nyuma tupu, J210E, kwa nje mapacha. Tafuta kibati cha modeli, kipo mlangoni au chini ya boneti, usome mwenyewe, usikubali kuambiwa. Ile ya kuvuta nyuma kwenye tope la kupanda ikiwa haina mzigo inacheza matako huku na kule, IST yenye tairi mpya inaweza kuipita, maana injini imekaa juu ya tairi zinazovuta. Na hata hiyo J200E ina kitufe cha kulok difu ya kati lakini haina gia ya chini kama Land Cruiser, kwa hiyo msije mkaona imeandikwa 4WD mkaenda nayo popote masika. Tairi ndo inashika ardhi, 4WD yenye tairi upara haina maana yoyote.

Sasa neno lako la mwisho, "Rush ya wastani", ndilo linaniogopesha. Rush ya wastani kwa bei ya IST nzuri maana yake mara nyingi ni bushi zimeisha, shokapu zinavuja, difu inalia, na wewe ndo gari yako ya kwanza. Injini zote mbili zina cheni ya taimingi kwa hiyo mkanda wa kukatika hamna, nashukuru, lakini Rush ina vitu vingi vya kuzunguka chini kuliko IST na kila kinachozunguka kina siku yake. IST nzima mikononi mwa fundi wa kawaida wa hapa ni gari ya kuamini.

Kwa hiyo ningekuwa ni mimi, na hela ni hiyohiyo, nachukua IST nzuri. Amani naenda nayo kiangazi, mzigo mdogo, nimefunga kinga ya chuma chini ya sampu, fundi yeyote wa kuchomelea anakutengenezea. Ikifika masika, mwezi wa 3 mpaka wa 5, au siku yoyote mlima umefunga mawingu, naiacha Muheza sehemu yenye mlinzi napanda na gari zinazopanda kila siku, mzigo unashushwa hapo napakia. Hiyo nauli ya kuunga huwezi kuifananisha na lita 22 kila mwezi. Kama mnaweza kusubiri miezi sita mkaongeza mpate J200E iliyotunzwa, hapo nabadili kauli, namfata mume wako. Ila msikope kwa ajili hiyo.

Mtu atakwambia weka spesa uinue IST. Usiinue sana. Shafti za mbele zinakaa kwa pembe zisizoizoea, buti za jointi (ile mipira inayozifunika) zinachanika, mchanga unaingia, baada ya muda ukikata kona unasikia tak tak tak.

La kutu mnalijua wenyewe, tunakaa na bahari. Gari iliyolala Raskazone miaka mitano usiiangalie rangi, ipandishe kwenye shimo la fundi, gonga gonga chini ya milango na pale ekseli ya nyuma inaposhikia, bisibisi ikizama achana nayo hata ikiwa inang'aa kama kioo. Na mkishanunua, mkiosha muoshe na chini kwa maji baridi ya bomba.

Alafu mama mkwe. Watu wengi wanadhani gari ya juu ni nzuri kwa wazee, mama yangu mzazi anaingia kwenye Rush yangu kwa kigoda cha mbao ninachobeba nyuma, nikikisahau anasimama mlangoni ameshika kiti anaitazama ile hatua, roho inaniuma. IST kiti kinalingana na nyonga, anakaa kwanza ndo anaingiza miguu. Wapo wazee wengine kinyume chake, kuinuka kutoka chini ndo kunawaua. Kwa hiyo siku mnayoenda kuangalia gari nendeni nae, akae mbele, ashuke, akae tena nyuma, ashuke, bila kumshika mkono, kabla hamjatoa hata shilingi.