Kung'oa breki ili uteleze kama Van Praag?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukiing'oa breki bodaboda yako utajifunza kuteleza kwenye kona kama Lionel Van Praag, yule Mwaustralia wa zamani wa mbio za pikipiki za speedway. Usithubutu!

Kweli pikipiki yake haikuwa na breki. Lakini angalia alikuwa wapi: uwanja uliofungwa, umemwagwa majivu ya makaa, waendeshaji wanne, mizunguko minne, wote wakikata kushoto. Hakuna daladala ya kuchomoka mbele yako. Mguu wa kushoto ulivishwa kiatu cha chuma, akauburuza chini huku tairi la nyuma likitupwa nje na usukani umegeuzwa kulia. Kule kuteleza ndiko kulikompunguzia mwendo. Kwenye lami utaanguka tu.

Na ubingwa wa dunia wa kwanza wa speedway, uwanja wa Wembley, London, Septemba 1936, aliupata kwa tabu: walilingana pointi na Eric Langton, wakarudiana wawili. Bluey Wilkinson alishinda mbio zake zote tano usiku ule akaishia wa tatu, kisa pointi za ziada za raundi za awali. (Mimi naona alidhulumiwa.)

Tafuta kiwanja cha vumbi, pikipiki nyepesi, helmeti na buti ngumu. Anza polepole, breki zikiwa mahali pake.