Faktoria ya 13 haina alama ya kutoa

Programu yangu ilikuwa ya kukokotoa sin(x) kwa mfululizo wa Taylor, yaani jumla ya x - x³/3! + x⁵/5! na kuendelea (3! ni faktoria ya 3: 1×2×3), vipengele kumi tu. Nilipoweka x = 1 ikachapisha 0.841471, sawasawa na kikokotoo. Nikaridhika. Nilipoweka x = 10 jibu likawa hasi, zaidi ya bilioni 91, ilhali sin haitoki nje ya -1 na 1.

Nilipoteza saa nyingi nikihangaika na fomula, na kama pembe iko kwenye digrii au radiani. Jumla ilikuwa inanificha kosa. Ukikutwa na hali hii, achana na jumla kwanza: chapisha kila kipengele kwenye mstari wake, na faktoria yake pembeni.

Nilipofanya hivyo nilikosea tena, kwa sababu nilitafuta namba hasi. Niliikuta kwenye faktoria ya 17: -288522240. Nikadhani hapo ndipo pameharibika, kumbe uharibifu ulianza mapema. Faktoria nilizihifadhi kwenye int, kigeu cha namba kamili, na chenye biti 32 kinaishia 2147483647. Faktoria ya 12 ni 479001600, inaingia vizuri. Ya 13 ni 6227020800, haiingii. Kilichobaki baada ya kufurika, yaani namba kuzidi nafasi ya kigeu, ni 1932053504. Ni namba chanya, kubwa kuliko iliyotangulia, na jicho halioni kasoro yoyote. Basi usiamini jicho. Igawanye kwa 13 uone kama unarudi kwenye 479001600. Hii hairudi, hata baki inatokea. Kipimo hicho kimeniokoa mara nyingi tangu siku ile.

Na ile x = 1? Huko vipengele vya mwisho ni vidogo mno, kosa lilianzia tarakimu ya nane baada ya nukta, nami nilikuwa nachapisha sita. Kwa hiyo jaribu pia kwa x kubwa.

Wengi hukimbilia long, kigeu cha namba kamili cha biti 64. Inasaidia mpaka faktoria ya 20, ya 21 inafurika vilevile. Tena ukizidisha int mbili ndipo uweke jibu kwenye long, umechelewa: kuzidisha kumeshafanyika kwa biti 32. Java ina Math.multiplyExact, inayosimamisha programu palepale namba inapofurika. Kwenye C, vikusanyaji (compilers) gcc na clang vina chaguo la -fsanitize=undefined, linalotoa onyo int inapofurika; liwashe wakati wa majaribio.

Ila dawa niliyobaki nayo ni kutokokotoa faktoria kabisa. Chukua kipengele kilichopita, kizidishe kwa -x*x, kigawanye kwa (n+1)*(n+2), n ikiwa kipeo cha kipengele hicho, vyote katika double, kigeu cha namba za desimali. Kipengele cha kwanza ni x yenyewe. Hakuna namba kubwa inayozaliwa njiani, na lupu inakuwa fupi zaidi. Kwa x = 10 ongeza vipengele, kumi havitoshi; au punguza x kwanza kwa kutoa 2π mpaka ibaki ndogo. Mimi hupunguza.