Maswali ya Wasomaji: Riwaya Nzima Katika Kundi la WhatsApp

SWALI: Kwako Mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa. Mwenzetu ameweka riwaya teule, kurasa zote, katika kundi letu la WhatsApp lenye walimu wapatao 200, nasi tumewatumia wanafunzi. Wazazi wengi hawana uwezo wa kununua kitabu, kwa hiyo naona mwandishi hakupoteza mnunuzi. Isitoshe, wanamuziki hutoa nyimbo zao bure mtandaoni na bado wanaendesha magari ya fahari. Kosa liko wapi?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, hoja yako ya kwanza ina ukweli ndani yake, na watetezi wa wasanii hukosea wanapoikataa moja kwa moja. Si kila nakala ya wizi ni nakala iliyokosa kuuzwa, kwa maana mwanafunzi asiye na fedha asingeinunua hata kama faili hilo lisingekuwapo. Shida ni kwamba faili halichagui wa kumwendea. Humfikia pia yule ambaye mzazi wake alikwisha kutenga fedha, na shule iliyokuwa ikijiandaa kuagiza nakala za maktaba. Tufanye hesabu ya mfano: kitabu kikiuzwa shilingi 500 na mrabaha ukiwa asilimia 10, mwandishi hupata shilingi 50 kwa nakala. Walimu 200, kila mmoja akiwa na darasa la wanafunzi 40, wanatupa wanafunzi 8,000. Hata tukikubali kwamba ni robo yao tu wangenunua, mwandishi amekosa shilingi 100,000 kwa sababu ya faili moja katika kundi moja, na mchapishaji amekosa mauzo ya nakala 2,000 ambayo yangempa moyo wa kumpokea mwandishi chipukizi.

Kuhusu wanamuziki, ni kweli kwamba wimbo unaosambaa bure huweza kumletea mwimbaji mialiko ya tamasha, mikataba ya matangazo, fedha za YouTube na mapato ya miito ya simu (nyimbo anazosikia anayepiga), ambayo nchini Kenya marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalimtengea msanii asilimia 52. Lakini njia hizo humfaa zaidi mwimbaji mwenye jina, wala si mtunzi aliyemwandikia maneno. Mwandishi wa riwaya ndiye hana kabisa mlango wa pili, kwani hakuna anayelipa kiingilio ili amsikilize akisoma sura ya tatu. Tena soko kubwa la riwaya ya Kiswahili ni shule: mwandishi huweza kukaa miaka mingi akiuza nakala chache mpaka kitabu chake kiteuliwe, na ile miaka michache ya kutahiniwa ndiyo mavuno yake. Huo ndio wakati maharamia nao huamka, maana hakuna anayejisumbua kuiba kitabu kisichotakiwa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaachia nafasi ya utafiti, uhakiki na matumizi ya binafsi, lakini kuwagawia watu 200 kitabu kizima hakuwezi kuitwa matumizi ya binafsi. Shule inayotaka kunakili sehemu ya kitabu inaweza kuulizia leseni kwa KOPIKEN, chama kilichoundwa kwa kazi hiyo. Mwombe mwenzako alifute faili, kisha shule inunue nakala za maktaba zitakazosomwa kwa zamu, hata kama ni wanafunzi watatu kwa kitabu kimoja. Umaskini wa wanafunzi wako ni wa kweli, ila sioni kwa nini mwandishi, ambaye mara nyingi ni mwalimu kama wewe, aubebe peke yake, ilhali kampuni ya simu iliyouza bando la kupakulia faili hilo imelipwa yote.

SWALI: Ninauza hadithi zangu kwa shilingi 2,000 kupitia WhatsApp. Juzi nimekuta moja, nzima, kwenye chaneli ya Telegram. Sijaisajili popote. Je, nina haki?
Mtunzi, Tanga

JIBU: Unayo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki huanza pale kazi inapotungwa, bila kungoja usajili. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukusaidia tu kuthibitisha kwamba ni yako. Kabla ya kumfokea mwenye chaneli, piga picha za skrini zinazoonyesha jina la chaneli, tarehe na idadi ya waliojiunga, kwa sababu akishtuka atafuta kila kitu. Kisha peleka malalamiko kwa Telegram wenyewe, ambao hupokea madai ya hakimiliki kwa barua pepe, na nakala uipeleke COSOTA. Usiitaje chaneli hiyo kwenye ukurasa wako, maana utaipelekea wasomaji. Kwa hadithi zijazo, weka katika kila ukurasa tarakimu nne za mwisho za simu ya mnunuzi uliyemtumia faili, ili likivuja ujue limetoka kwa nani na usimuuzie tena.